Shule imejaa baada ya mtaa kukua: kuongeza madarasa, kuanzisha shule shikizi (tawi dogo la shule iliyopo), kuingia kwa zamu au kugawa wanafunzi?

Kati ya sensa ya 2012 na ile ya 2022, wakazi wa Jiji la Mbeya waliongezeka kutoka 385,279 hadi 541,603. Manispaa ya Iringa ilitoka 151,345 ikafika 202,490. Katikati ya miji hiyo, kama Sokomatola ya Mbeya na Miyomboni ya Iringa, hakuna pa kujenga tena, kwa hiyo nyumba zinaota pembeni ya mji: Isyesye, Iwambi, Itezi na Nsalaga kwa upande wa Mbeya, Mkimbizi, Igumbilo na Kihesa Kilolo kwa upande wa Iringa. Shule nyingi za pembeni zilijengwa wakati jirani yake ni shamba la mahindi. Viwanja vikapimwa, watu wakahamia, na tangu elimu bila ada ianze Januari 2016, hata mtoto ambaye zamani angebaki nyumbani kwa kukosa ada anaandikishwa, kama inavyopasa.

Chukua chumba cha darasa cha mita 9 kwa 7. Kiwango cha serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa darasa na watoto watatu kwa dawati. Hapo yanaingia madawati 15, njia za kupita zinabaki, na mwalimu anafika hadi ukuta wa nyuma. Sasa weka watoto 120 humo humo. Kila mmoja amebakiwa na nusu mita ya mraba. Dawati la watatu linabeba watano, wa pembeni anaandikia gotini. Wengine wako sakafuni chini ya ubao, shingo juu. Mwalimu hapiti katikati, daftari la aliye nyuma halionwi papo hapo, na mtoto wa darasa la pili asiyejua kusoma anamaliza mwaka bila mtu kugundua. Mtoto huyo ndiye wa kuwekwa mbele katika kila uamuzi unaofuata.

Kamati za shule, serikali za mitaa na madiwani huwa na njia nne mezani. Zote zimewahi kusaidia, na zote zimewahi kuleta matatizo mapya pale zilipochukuliwa bila kupima.

Kwanza, hesabu watoto

Idadi ya nyumba peke yake inadanganya. Boma lisilo na bati linaweza kukaa miaka mitano bila mtu; nyumba iliyopauliwa na kuwekwa milango itakaliwa muda si mrefu. Mwenyekiti wa mtaa na mabalozi wa nyumba kumi wapite kaya kwa kaya, waandike kila mtoto na mwaka aliozaliwa. Kisha nenda zahanati, uliza idadi ya watoto waliopata chanjo ya surua-rubela ya miezi 9. Waliochanjwa mwaka huu ndio watakaosimama kwenye foleni ya darasa la kwanza miaka mitano hadi sita ijayo. Namba hizo mbili zikipishana sana, tofauti kubwa ni watoto wanaohamia na wazazi wao, na hao hawasubiri Januari.

Kwa makadirio ya haraka: kaya mpya 300, kila moja ikiwa na mtoto mmoja wa shule ya msingi, ni watoto 300. Gawa kwa 45, unapata vyumba saba.

Lipo jambo la pili ambalo vikao vingi vinalipita. Mtaala mpya ulioanza 2024 unapunguza elimu ya msingi iwe ya miaka sita. Walioanza darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, pamoja na darasa la saba la mwisho. Maana yake mwanzoni mwa 2028 shule ya msingi itakuwa na darasa moja pungufu, takriban chumba kimoja katika kila saba kitapumua, na mzigo wote utahamia kidato cha kwanza. Mtaa ambao tatizo lake ni vyumba viwili tu unapaswa kujiuliza kama nguvu za wananchi ziende msingi au sekondari.

Vigezo tunavyotumia

Kila njia tumeipima kwa mambo yale yale: ardhi na fedha, muda, walimu na vyoo, njia anayopita mtoto, na kinachokwama. Atakayebanwa na muda hatachagua sawa na atakayebanwa na ardhi.

1. Kuongeza madarasa kwenye shule iliyopo

*Ardhi na fedha.* Eneo ni la shule tayari, hakuna fidia wala usajili mpya. Kwa bei, kipimo ambacho wengi wanakikumbuka ni fedha za UVIKO-19 za mwaka 2021, zilizopangwa kwa shilingi milioni 20 kwa chumba kimoja. Anzia hapo, kisha weka bei za leo za saruji, nondo na bati za mjini kwenu. Utaratibu uliozoeleka ni wananchi kupandisha boma hadi lenta, halmashauri ikapaua na kumalizia. Kabla ya kuchimba msingi, hakikisheni umaliziaji umo kwenye bajeti ya halmashauri, na mpate nakala. Boma lililopigwa na misimu miwili ya mvua hulainika tofali za juu, na nondo zilizoachwa nje hushika kutu. Mchango wa mwananchi ni wa hiari. Mtoto harudishwi nyumbani kwa sababu mzazi hajatoa.

*Muda.* Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Tofali hufyatuliwa na kuchomwa kiangazi, na mwaka wa fedha huanza Julai 1. Kalenda inayowezekana ni hii: msingi Julai, lenta ifungwe Agosti, bati ziwe juu kabla ya katikati ya Oktoba, kisha plasta, sakafu na madawati hadi Desemba. Ukichelewa kupaua hadi Novemba, Januari imekuponyoka. Lenta na jamvi vinyweshewe maji si chini ya siku saba. Julai ya Mbeya ina baridi na zege hukomaa polepole, kwa hiyo fundi asiwe na haraka ya kuondoa mbao zinazolishikilia. Mbao za paini kutoka Sao Hill ni nyingi na bei yake inavumilika, lakini zikipigwa kenchi zingali mbichi hupinda na paa likatanuka. Nunueni zilizokauka na kuwekwa dawa. Msiache dari kwa kubana matumizi: mvua ya Januari ikipiga bati tupu, mwalimu anaweza kupaza sauti hadi akaukwe koo na mstari wa tatu usisikie neno.

*Walimu na vyoo.* Choo ndicho husahaulika. Kiwango ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Vyumba viwili vya watoto 45 ni watoto 90. Nusu wakiwa wasichana, unahitaji matundu matatu ya wasichana na mawili ya wavulana, na maji ya kunawa. Yaingie kwenye makisio ya vyumba hivyo hivyo, kwa sababu yakiachwa kwa awamu ijayo huwa hayajengwi. Walimu nao hawaji na bati. Mwalimu mkuu apeleke ikama mpya (idadi ya walimu wanaohitajika) mapema, kabla chumba hakijakamilika.

*Njia ya mtoto.* Haibadiliki. Aliyekuwa anatembea mbali bado anatembea mbali.

*Kinachokwama.* Uwanja unaliwa kidogo kidogo hadi watoto hawana pa kukimbia, na shule yenye watoto 2,000 ina mwalimu mkuu mmoja, lango moja na bomba moja. Kwenye miteremko ya Mbeya, kila jengo jipya linahitaji mfereji wa maji ya paa. Udongo wa volkano upande wa Uyole humomonyoka upesi na kuuacha msingi wazi. Wapo wanaopendekeza ghorofa ili kuokoa ardhi. Wazo ni zuri palipo na fedha, lakini Mbeya iko kwenye Bonde la Ufa na matetemeko ya ardhi yanatokea. Ghorofa haijengwi kwa mazoea ya fundi wa mtaani. Inataka upimaji wa udongo, michoro ya mhandisi na usimamizi wake siku za kumwaga zege, pamoja na njia ya mtoto mwenye ulemavu.

*Inawafaa* wenye eneo la kutosha na upungufu wa vyumba viwili hadi sita, ambao watoto wao wengi wanaishi jirani na shule.

2. Shule shikizi, kisha shule kamili

*Ardhi na fedha.* Hapa ardhi ndiyo kila kitu. Uingereza, kifungu cha 106 cha Sheria ya Mipango ya Miji na Vijiji ya 1990 huruhusu halmashauri kumfunga mjenzi wa makazi mapya achangie shule. Huku kwetu nafasi ya kubana iko kwenye mchoro wa mipangomiji: eneo la shule linapaswa kuonekana humo kabla viwanja havijauzwa. Nenda ofisi ya ardhi, tazama mchoro wa mtaa wako, chukua viwianishi vya eneo lililotengwa, kisha nenda ukasimame pale. Ukikuta limebaki, wekeni bikoni, pandeni miti mpakani na mwombe hati kwa jina la halmashauri mwaka huo huo. Ukikuta msingi wa nyumba ya mtu, pelekeni suala halmashauri kwa maandishi kabla hajafika lenta.

Pale ambapo makazi yalitangulia na urasimishaji (kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa) ukafuata, eneo huwa halikutengwa, na itabidi kununua au kutwaa kwa fidia. Mzee anayejitolea shamba lake anastahili shukrani, na anastahili pia karatasi safi: muhtasari wa mkutano wa mtaa, saini yake, ya mwenza wake na ya watoto wake watu wazima, na muhuri wa serikali ya mtaa. Bila hivyo, akifariki, warithi hudai shamba lao na madarasa yamo ndani.

*Muda.* Shikizi yenyewe inaweza kuanza na vyumba viwili au vitatu kwa awali hadi darasa la pili, ikiwa chini ya shule mama, kisha ikapanda darasa moja kila mwaka. Usajili kamili unapita kwa wathibiti ubora wa shule, ambao watakagua madarasa, vyoo, maji, ofisi na samani. Waiteni waone eneo kabla hamjajenga. Choo kilichochimbwa upande usiofaa ni gharama ya kuchimba kingine.

*Walimu na vyoo.* Hili ndilo jeraha la shikizi nyingi. Walimu wanatoka kwenye ikama ya shule mama, ambayo nayo haitoshi. Ruzuku ya uendeshaji ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki kwa ajili ya vitabu, nayo hupitia shule mama. Kamati zikubaliane kwa maandishi ni kiasi gani kinavuka kwenda shikizi, la sivyo hata chaki itaombwa. Walimu wa kujitolea wanaolipwa na wazazi husaidia mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili michango hulegea, nao huondoka katikati ya muhula.

*Njia ya mtoto.* Hakuna njia inayomsaidia mtoto mdogo kuliko hii. Mwenye miaka mitano anafika kwa miguu yake bila kuvuka barabara kuu.

*Kinachokwama.* Shikizi inabaki shikizi. Watoto wanafika darasa la tatu, chumba hakuna, wanarudi shule mama iliyojaa. Kabla ya kufungua, andikeni chumba cha kila mwaka kitatoka wapi kwa miaka mitatu ya mwanzo.

*Inawafaa* mitaa mipya iliyo mbali na shule, au iliyotengwa nayo na barabara kuu, reli au mto, na ambayo bado inajaa watu.

3. Kuingia kwa zamu

*Ardhi na fedha.* Hakuna tofali linalowekwa. Kinachogharimu ni walimu, usafi na mlinzi wa saa za ziada.

*Muda.* Inaanza wiki ijayo. Hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo sababu watu huizoea. Los Angeles, Marekani, ilipoelemewa, baadhi ya shule zake ziliingia kwenye kalenda ya kupokezana mwaka mzima iliyoitwa Concept 6: siku za masomo zikawa 163 badala ya 180, kila siku ikirefushwa kufidia. Ilidumu zaidi ya miaka 20, hadi shule mpya zilipojengwa kwa wingi. Kwa hiyo zamu ipangiwe tarehe ya mwisho siku ile ile inapoanza.

*Walimu na vyoo.* Zamu ya saa nne na nusu, ukitoa mapumziko ya dakika 20, inabakiza dakika 250. Kwa darasa la kwanza na la pili, wenye vipindi vya dakika 30, hapo vinaingia vinane. Kwa darasa la tatu kwenda juu, wenye vipindi vya dakika 40, vinaingia sita. Ndiyo maana zamu huumiza kidogo madarasa ya chini na huumiza sana ya juu. Walimu wakiwa wale wale kwa zamu zote mbili, wa mchana wanapata mwalimu aliyechoka. Vyoo vinatosha kwa hesabu, lakini visiposafishwa kati ya zamu, wa mchana hawaingii.

*Njia ya mtoto.* Juni na Julai jua huchomoza Mbeya karibu saa 1 asubuhi. Zamu inayoanza saa 1 kamili inamtoa mtoto nyumbani gizani, kwenye ukungu na baridi. Anzeni saa 1:30. Zamu ya mchana ikiisha saa 11 jioni, mtoto anayetembea saa nzima anafika jua likielekea kuzama, na kuanzia Desemba mvua za alasiri zinamkuta njiani. Wanaotoka mbali wawekwe asubuhi, bila kujali herufi ya majina yao.

*Kinachokwama.* Chakula. Uji au makande hupikwa mara moja, na zamu moja hulala njaa. Halafu kuna saa za mtoto kubaki peke yake nyumbani, mama akiwa sokoni na baba kazini.

*Inawafaa* shule iliyoshtukizwa na wimbi, yenye walimu wa kutosha kuliko vyumba, na yenye ujenzi unaoonekana ukiendelea.

4. Kugawa upya mitaa ya kuandikisha

*Ardhi na fedha.* Nafuu kuliko zote, mradi shule jirani ina nafasi kweli. Mhesabu vyumba vinavyotumika kwa macho yenu. Chumba kinachoitwa stoo kinaweza kuwa darasa, na darasa linaloonekana kwenye taarifa linaweza kuwa na nyufa.

*Muda.* Uandikishaji wa darasa la kwanza huanza Oktoba, kwa hiyo mipaka mipya itangazwe kabla ya Septemba kuisha, kwenye mikutano ya mitaa, makanisani na misikitini.

*Walimu na vyoo.* Mnatumia vilivyopo pande zote mbili. Hakikisheni tu matundu ya shule inayopokea yanatosha kwa viwango vile vile.

*Njia ya mtoto.* Hapa ndipo penye hatari. Kwenye ramani shule jirani iko kilomita moja na nusu, lakini katikati kuna barabara kuu ya kwenda Tunduma yenye malori usiku na mchana, au reli ya TAZARA, au korongo ambalo Februari halivukiki. Wajumbe waitembee njia yenyewe asubuhi, saa ambayo mtoto angeipita, tena baada ya mvua. Wasipoipenda kwa miguu yao, mtoto asipelekwe.

*Kinachokwama.* Wazazi hukataa, mara nyingi kwa sababu shule ya pili ina sifa mbaya ya ufaulu. Kuwalazimisha kunazaa anwani za uongo. Anzeni na awali na darasa la kwanza pekee, ndugu wasitenganishwe, na darasa la nne na la saba wasiguswe, kwa kuwa wako kwenye usajili wa mitihani. Kila uhamisho ukamilishwe kwenye PREM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi, mtoto asije akasoma shule moja na kuhesabika nyingine.

*Inawafaa* kata ambazo shule moja imefurika na nyingine inapumua, na njia kati yao ni salama.

Kwa hali yako

Mnahitaji vyumba vichache, uwanja upo na sasa ni kati ya Aprili na Julai: ongezeni madarasa, na matundu ya vyoo yawe kwenye makisio yale yale. Ikiwa tayari ni Septemba na mikono mitupu, msianze boma la kukimbiza Januari. Ingizeni darasa la kwanza na la pili kwa zamu mwaka mmoja, na mjenge kiangazi kinachofuata.

Mtaa uko ng'ambo ya barabara kuu na nyumba bado zinaota: shikizi, hata ya vyumba viwili. Hatimiliki itangulie tofali.

Viwanja ndiyo kwanza vinapimwa: pigeni kelele sasa kuhusu mchoro, kabla kiwanja cha kwanza hakijauzwa.

Shule jirani ina vyumba vitupu na njia ni nzuri: gaweni, mkianza na wadogo. Kama wazazi wanaikwepa kwa sababu ya ufaulu, ombeni halmashauri ihamishie huko walimu wawili au watatu wazuri wa madarasa ya awali na la kwanza kabla ya kuhamisha watoto.

Ardhi imekwisha na pande zote kumejaa, kama ilivyo kwenye kata za kati za mji: hapo ghorofa inastahili kujadiliwa na mhandisi wa halmashauri, huku zamu ikibeba madarasa ya chini. Na kama wingi wenu uko darasa la tano hadi la saba, huku chanjo za zahanati zikionyesha watoto wachache wanaokuja nyuma, jengeni kwenye sekondari ya kata. Januari 2028 haiko mbali, na watoto wa madarasa mawili watafika hapo kwa siku moja.